Rafiki, Ngoma na Dawa za Kulevya

Ihumwa, mashariki ya Dodoma katika njia ya Morogoro, imo ndani ya Ugogo, nchi ambayo nyimbo zake huimbwa na watu wengi kwa sauti zinazotegemeana. Mmoja akinyamaza, pengo husikika. Muziki wa kizazi kipya, uliokuja baadaye, humpa mwimbaji jukwaa peke yake. Akipotea, wenziwe huweza kuendelea bila kumwulizia.

Hatari hiyo ilidhihirika dawa za kulevya zilipoingia katika muziki huo. Desemba 2012 Rehema Chalamila, ajulikanaye kwa jina la Ray C, alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia matibabu. Langa Kileo, aliyepata kusema waziwazi kwamba alizitumia, alifariki Juni 2013.

Marafiki wa watu kama hawa hufikwa na mtihani mgumu. Kumkopesha mgonjwa fedha ni kuyanunulia maradhi chakula. Kumficha ni kuyalinda. Na kumtupa ni kumwachia mwuzaji awe rafiki wake wa pekee. Njia ya nne ilifunguka Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni; baadaye huduma ikafika Itega, Dodoma. Walakini dawa hiyo, kwa kawaida, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi na hata miaka. Basi kwa kijana wa Ihumwa urafiki hupimwa kwa nauli ya asubuhi na mwenzi wa safari, si kwa machozi ya mazishini.