Ngozi Nyembamba ya Maji

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo: ukinzani, mnato, tabaka la mpakani, mwendo mtulivu.

Leo hatutasimulia habari za wafalme wala za vita. Tutasimulia habari za fumbo moja la maji, lililowashinda mabingwa wa hesabu kwa zaidi ya miaka 150, na jinsi lilivyofumbuliwa kwa kutazama mahali padogo ambapo watu walikuwa wakipapuuza.

Hesabu iliyobishana na macho

Kila mtu aliyepiga kasia anajua kuwa maji huzuia. Tia ubao mwembamba katika mto uendao kasi, ukiuelekeza ukingo wake mahali maji yanakotoka. Ijapokuwa maji yanapita ubavuni tu, mkono wako utasikia ubao unavutwa. Uzuizi huo tunauita ukinzani.

Basi mwaka 1752 bingwa mmoja wa Kifaransa, Jean d'Alembert, alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Alipiga hesabu ya maji yakipita pande zote za kitu, tena alikuwa hodari sana. Lakini jibu alilopata lilikuwa la ajabu: ukinzani ni sifuri. Si mdogo, ndugu zangu, bali ni sifuri kabisa! Kwa hesabu hiyo, mvuvi akishaisukuma ngalawa mara moja ingekwenda bila kusimama. D'Alembert mwenyewe alijua kuwa sivyo mambo yalivyo. Alikiri kuwa hilo ni fumbo, akawaachia walifumbue wale watakaokuja baadaye.

Tangu hapo wenye elimu hiyo wakawa makundi mawili. Kundi moja ni la mabingwa wa hesabu, walioandika majibu mazuri yasiyolingana na maji ya kweli. Kundi la pili ni la mafundi wa mifereji, mabomba na meli. Hao walipima kwa mikono yao, wakajitungia kanuni zilizofaa kazi moja na kushindwa katika kazi nyingine. Fundi hakuweza kumtegemea mwenye hesabu, wala mwenye hesabu hakuweza kumweleza fundi kwa nini kipimo chake kimetoka vile. Hasara ilikuwa kubwa, kwa maana kila chombo kipya kilibidi kijengwe kwanza, ndipo ijulikane kama kinafaa au hakifai.

Mnato ni nini?

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika kujumlisha wala katika kugawanya. Lilikuwa katika maji yenyewe aliyoyafikiri d'Alembert. Mimina asali, kisha mimina maji. Asali huenda polepole, kwa sababu sehemu zake hushikana na kuvutana sana. Tabia hiyo ya kushikana huitwa mnato. Asali ina mnato mwingi. Maji yana mnato kidogo. Hewa nayo ina wake, kidogo sana. Maji ya d'Alembert hayakuwa na mnato hata chembe.

Baadaye Mfaransa Navier, mwaka 1822, na Stokes wa Uingereza, mwaka 1845, waliandika hesabu yenye mnato ndani yake. Hesabu yao ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ngumu mno. Ni watu wachache walioweza kuitatua, tena kwa mambo machache tu. Na kwa kuwa mnato wa maji na wa hewa ni mdogo hivyo, wengi walidhani kuuacha hakuwezi kuleta madhara.

Bwana Prandtl na bomba la kiwandani

Sasa twende Ujerumani. Ludwig Prandtl alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Freising. Alisomea uinjinia, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha mashine huko Nuremberg. Pale alipewa kazi ya kutengeneza mtambo wa kufyonza takataka za mbao kwa nguvu ya hewa. Aliona kwamba bomba likipanuka kwa ghafula, hewa haifuati ukuta wa bomba kama hesabu ilivyosema. Hewa hujibandua ukutani na kwenda njia yake. Aliutengeneza mtambo ukafanya kazi, lakini swali likambakia moyoni: kwa nini hewa hujibandua? Mwaka 1901 akawa profesa mjini Hannover, na swali lile alikuwa nalo bado.

Mwezi wa Agosti 1904 mabingwa wa hesabu wa nchi nyingi walikutana katika mji wa Heidelberg. Prandtl, mwenye umri wa miaka 29, alipewa dakika 10 za kusema. Maneno yake, yalipochapwa mwaka 1905, yalijaza kurasa 8 tu. Hata hivyo yalibadili elimu nzima ya maji na hewa.

Alisema nini? Alisema kwamba maji yanayougusa ubao hayatelezi juu yake. Yale yaliyo karibu kabisa hunata na kusimama. Hapa hata sisi tunao ushahidi: tazameni mapanga ya feni ya umeme. Yanazunguka kwa kasi, na bado vumbi hukaa juu yake. Haliondoki kwa sababu hewa iliyougusa uso wa panga inakwenda pamoja na panga.

Basi yafikirini maji kama karatasi nyingi zilizopangwa. Karatasi ya chini imenata ubaoni, haiendi. Ya pili yavutwa nyuma na ya kwanza, nayo yaenda polepole. Ya tatu yaenda zaidi kidogo, na kuendelea hivyo, mpaka tunafika kwenye maji yaendayo kwa mwendo wao kamili. Sehemu hii yote, kutoka ubaoni mpaka kwenye mwendo kamili, ndiyo tabaka la mpakani. Ni nyembamba kama ngozi. Lakini kwa kuwa mwendo hubadilika kutoka sifuri hadi mwendo kamili katika nafasi ndogo vile, karatasi hizo husuguana sana, na hata mnato mdogo huwa na nguvu.

Hivyo Prandtl aliyagawa maji mafungu mawili. Nje ya tabaka, hesabu ya zamani isiyo na mnato yafaa. Ndani ya tabaka, lazima tutumie mnato. Ila kwa sababu tabaka ni nyembamba, sehemu nyingi za hesabu ngumu ya Navier na Stokes zaweza kuachwa. Bwana d'Alembert na wavuvi wote wawili walikuwa na haki, kila mmoja mahali pake.

Blasius na kipimo cha kanzu

Mwaka ule ule wa 1904 Prandtl alihamia Chuo Kikuu cha Göttingen. Huko alimpata mwanafunzi aitwaye Heinrich Blasius, aliyezaliwa Berlin mwaka 1883. Blasius aliichukua hesabu mpya ya mwalimu wake akaitumia kwa kitu kilicho chepesi kuliko vyote: ubao bapa uliolala sawasawa na mwendo wa maji, na maji yakienda kwa mwendo mtulivu, yaani tabaka juu ya tabaka bila msukosuko. Aliimaliza kazi hiyo mwaka 1907, ikachapwa mwaka 1908.

Taabu yake ilikuwa hii. Karibu na ukingo wa mbele wa ubao, tabaka ni nyembamba sana. Kadiri maji yanavyoendelea nyuma, tabaka huwa nene. Je, inampasa mtu apige hesabu upya kwa kila mahali? Hapana. Mfikirini mshona kanzu. Kanzu ya mtoto na kanzu ya baba ni mkato mmoja, tofauti ni kipimo tu. Blasius alionyesha kuwa tabaka la mpakani ni hivyo hivyo. Umbo la mwendo ni moja ubao mzima; linalobadilika ni unene. Kwa njia hiyo hesabu ya mambo mengi ikawa hesabu ya mstari mmoja uliopinda.

Tuuchore mstari huo. Gawanyeni unene wa tabaka katika mafungu 5 yaliyo sawa, na mwendo kamili wa maji tuuite 100. Ubaoni mwendo ni 0. Mwisho wa fungu la kwanza mwendo ni 33. Mwisho wa fungu la pili, 63. La tatu, 85. La nne, 96. La tano, 99, na hapo tunasema tabaka limekwisha. Mnaona? Mwendo huongezeka haraka karibu na ubao, kisha huongezeka kidogo kidogo.

Hata mstari huo mmoja haukuwa rahisi kupatikana. Blasius alihesabu kipande cha karibu na ubao, akahesabu kipande cha mbali, akaviunga. Mwaka 1912 bwana mwingine, Töpfer, alileta njia fupi: shona kanzu moja kwa kipimo chochote, ipime urefu, kisha ikuze au ipunguze yote kwa pamoja mpaka ifae. Katika kanuni ya ukinzani wa ubao mna namba moja ya kuzidisha. Prandtl aliikadiria kuwa 1.1, Blasius akapata 1.327, Töpfer akapata 1.328. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoitumia hata leo.

Tupige hesabu wenyewe

Maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Tabaka lina unene gani sentimeta 25 nyuma ya ukingo wa mbele? Kwanza zidisheni mwendo kwa umbali wa mita, kisha kwa 1,000,000, kwa ajili ya mnato wa maji ya kawaida: 1 mara 0.25 mara 1,000,000 ni 250,000. Pili, tafuteni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 250,000. Nayo ni 500. Tatu, zidisheni sentimeta 25 kwa 5, mgawe kwa 500. Jibu ni sentimeta 0.25, yaani milimeta 2 na nusu. Katika ngozi hiyo nyembamba ndimo ukinzani wote wa ubao huu unamotoka!

Tena, umbali ukiwa mara 4, unene huwa mara 2 tu. Kuchelewa kwa maji huenea nje kama unyevu upandao kitambaani: mwanzo haraka, baadaye polepole.

Lakini tusipite mpaka. Namba ile tuliyoipata, 250,000, ikikua hata kufika kama 500,000, kwa kawaida maji huanza kuvurugika, na kanuni ya Blasius haifai tena. Kwa hiyo meli kubwa huhitaji hesabu nyingine kwa sehemu kubwa ya ubavu wake.

Je, maji na hewa vilikubali?

Kwa miaka kadhaa watu wachache tu nje ya Göttingen waliijali kazi hii. Katika mwaka 1924, mjini Delft, Uholanzi, vilitolewa vipimo vya mwendo wa hewa juu ya uso bapa. Vilipimwa kwa waya mwembamba uliopashwa moto kwa umeme. Upepo ukizidi, waya hupoa zaidi. Waliopima ni Burgers na van der Hegge Zijnen. Palipokuwa na mwendo mtulivu, umbo walilolipata lililingana na la Blasius. Sasa hesabu na macho vilisema neno moja.

Prandtl alifariki mwaka 1953. Blasius aliacha utafiti, na tangu mwaka 1912 alifundisha wanafunzi wa uinjinia mjini Hamburg, akaandika na vitabu vya kufundishia. Alifariki mwaka 1970. Mpaka leo mtu akitunga programu ya kompyuta ya kuhesabu mwendo wa hewa, mara nyingi huijaribu kwanza kwa ubao bapa wa Blasius. Programu isiyopata jibu lile haiaminiwi kwa makubwa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini hesabu ya d'Alembert ilitoa sifuri?
2. Vumbi la juu ya panga la feni latufundisha nini?
3. Maji yakienda sentimeta 25 tu kwa sekunde, unene wa tabaka katika umbali ule ule wa sentimeta 25 ni milimeta ngapi? (Jibu: milimeta 5.)
4. Fundi na mwenye hesabu walihitajiana kwa jambo gani?