Nyumba za Lamu: Ufukara Ulizitunza, Mali Inazijaribu

Mji mkongwe wa Lamu ulinusurika kwa sababu uliishiwa. Hadi karne ya 19 bandari yake ilisafirisha pembe za ndovu, boriti za mikoko na nafaka iliyolimwa na watumwa huko bara, na waungwana wakajenga nyumba za mawe za ghorofa. Kisha reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikavuta biashara kusini, na mwaka 1907 utumwa ukakomeshwa kisheria. Mashamba yakakosa wa kuyalima. Mombasa ilipokuwa ikivunja na kujenga upya, Lamu haikuwa na fedha hata ya kuvunjia. Nyumba nyingi ziligeuka magofu, ila zilizosimama zilibaki kama walivyoziacha wajenzi wake.

Mali iliporudi ilikuja na wageni, na nyumba zikaanza kupata taabu ya aina nyingine.

Ili kuielewa taabu hiyo, zitazamwe kwanza nyumba zenyewe, maana hazikujengwa ovyo. Mgeni wa kiume hupokelewa dakani, kwenye ukumbi mdogo wenye mabaraza ya mawe nje ya mlango wa nakshi. Mlango ukifunguliwa kuna tekani, na hapo njia hupinda ili mpita njia asione waliomo. Kiwanda, ua ulio wazi juu, ndicho kinacholeta mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba hufuatana: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, kila kimoja kikiinuka kidogo kuliko kilichotangulia na giza likizidi. Vyote ni virefu na vyembamba, kwani boriti ya mkoko haibebi dari la upana unaopita kama mita tatu. Fundi alimalizia ujuzi wake wote katika ukuta wa chumba hicho cha ndani: zidaka safu juu ya safu, zimechongwa kwenye lipu ya chokaa, za kupangia sahani na mabakuli yaliyokuja na majahazi. Mbele ya ukuta huo ndipo bibi harusi alipokalishwa ili atazamwe.

Na nyumba ilikuwa ya huyo bibi harusi. Katika koo za waungwana binti akiolewa hakuhama kwao. Mume ndiye aliyemfuata. Baba mwenye mabinti alijenga nyumba ya pili ubavuni mwa ya kwanza, au akaongeza ghorofa, au, kiwanja kikimwishia, akavusha chumba juu ya kichochoro mpaka ukuta wa jirani. Chumba hicho ndicho wikio, na chini yake watu na punda hupita hadi leo. Wanawake walitembeleana kwa milango ya ndani bila kukanyaga barabarani. Ukiutazama mji kwa jicho hilo, vichochoro vyake vilivyojipinda ni nasaba iliyoandikwa kwa mawe.

Serikali na wataalamu waliutambua mji huu polepole. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akachapisha utafiti wake juu ya mji huu mwaka 1975. Ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984, ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1986 mji mkongwe ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi, ukapata mpango uliosimamiwa na msanifu majengo Francesco Siravo. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kazi hiyo iliokoa mengi, na walioifanya wanastahili shukrani. Lakini kanuni za hifadhi husema juu ya urefu wa jengo, sura ya mbele, mlango, chokaa. Hazimwambii mtu amwuzie nani.

Ndiyo maana Shela inafaa kutazamwa kwa makini. Ni mwendo wa kama kilomita tatu kutoka Lamu, kijiji cha watu ambao asili yao ni Takwa kisiwani Manda, chenye msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 na mnara wake mrefu. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa pale ufukweni mwaka 1967, na katika miongo iliyofuata wageni, wengi wao kutoka Ulaya, walianza kununua magofu na nyumba. Haki isemwe: wengi walizitengeneza vizuri kuliko ambavyo wenyewe wangeweza. Waashi walipata kazi, na ujuzi wa kuchonga lipu, uliokuwa ukifa, ukapata vijana wa kuurithi.

Gharama yake ni nyingine. Nyumba ya mapumziko hufungwa miezi mingi ya mwaka. Ghorofa zimeongezwa ili paa lione bahari, na mabwawa ya kuogelea yamechimbwa kisiwani ambako maji matamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela hiyohiyo. Bei ya nyumba imepanda mpaka kijana wa hapo hawezi kuikaribia.

Kwa nini mtu auze nyumba ya mama yake? Mara nyingi jibu ni mirathi. Nyumba moja huwa na warithi kumi au ishirini, kila mmoja na fungu lake, wengine wako Mombasa au Ghuba. Hakuna anayetaka kutoa fedha za kutengeneza paa ambalo fungu lake ni dogo. Mvua inaingia, boriti zinaoza, na anapotokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, kuuza ndiyo njia nyepesi ya kugawana. Kisha familia hujenga kwa matofali ya saruji na mabati katika mitaa ya nyuma kama Wiyoni na Kandahari.

Anayebaki naye hukuta ukarabati una masharti magumu. Saruji ni rahisi kupatikana, lakini hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, na lipu hubanduka pamoja na jiwe lenyewe. Chokaa hupumua, ila sharti ichomwe, ilowekwe, ikae. Na Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, mikoko ikiwemo, hata boriti ya dari ikawa vigumu kuipata kihalali. Katazo hilo lilikuja bila kumfikiria mwenye nyumba ya miaka 200.

Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, itazidi kupandisha thamani ya ardhi. Kwa hiyo mimi nasema hifadhi ianzie kwa mwenye nyumba, na chombo tayari kipo. Wakfu wa familia huiweka nyumba isiuzwe huku vizazi vikikaa humo, na Kenya ina Kamisheni ya Wakfu, makao yake Mombasa. Wakfu peke yake hautoshi, maana nyumba ya wakfu isiyo na fedha huanguka vilevile. Kaunti na Makumbusho watenge mfuko wa chokaa, boriti na ujira wa fundi kwa familia zinazokaa nyumbani mwao, na ada za watalii zichangie. Waraka wa wakfu huandikwa na mwenye mali akiwa hai. Katika Mkomani, mtaa wa mji mkongwe, wako akina bibi wanaoishi peke yao katika nyumba za mama zao, na kwao mazungumzo haya yanapaswa kufanyika mwaka huu.