Ukomo wa wati: swali la kuuliza kabla ya kununua laptopu ya gemu

Kampuni ya MSI ya Taiwan imeuza kompyuta mpakato mbili za gemu ambazo kwenye orodha ya sifa zinafanana kama shilingi kwa ya pili: Cyborg 15 na Katana 15. Zote mbili zimepatikana zikiwa na kichakataji cha Core i7-12650H, skrini ya inchi 15.6 inayoonyesha picha upya mara 144 kwa sekunde, betri ya wati-saa 53.5, na kadi ya michoro ya NVIDIA GeForce RTX 4060 yenye kumbukumbu ya GB 8. Muuzaji akizinakili sifa hizo kwenye kikaratasi cha dukani, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, vikaratasi viwili vitasomeka sawasawa, na mteja ataamua kwa rangi au kwa bei.

Tofauti kubwa imo kwenye mstari mmoja wa vipimo vya mtengenezaji, mstari ambao kwa kawaida hauandikwi dukani. Kadi ya michoro ya Cyborg imeruhusiwa kula umeme usiozidi wati 45. Ya Katana imeruhusiwa wati 105. Jina la kadi ni lilelile, viini vyake vya kuchakata ni vilevile 3,072, kumbukumbu ni ileile. Kilichobadilika ni ruhusa. Ruhusa hiyo ndiyo inayofupishwa kwa herufi TGP, na mnunuzi asiyeijua hawezi kuchagua kwa haki kati ya mashine mbili zinazofanana.

Herufi hizo zinasimamia maneno ya Kiingereza Total Graphics Power. Ni kiwango cha juu cha umeme ambacho kadi ya michoro inaweza kutumia ndani ya kompyuta fulani, chipu yenyewe ikihesabiwa pamoja na kumbukumbu yake. NVIDIA huwapa watengenezaji wa kompyuta nafasi ya kuchagua. Kwa RTX 4060 ya mpakato, nafasi hiyo huanzia wati 35 na kufika 115. Anayetaka mashine nyembamba, nyepesi na yenye feni ndogo huchagua chini. Anayejenga mashine nene, yenye mabomba mengi ya shaba ya kuondoa joto, huchagua juu. Wote wawili huandika jina lilelile la kadi kwenye boksi.

Wati zinahusikaje na gemu? Chipu hufanya kazi kwa mapigo, na kadiri mapigo yanavyokwenda haraka ndivyo inavyomaliza kuchora picha nyingi zaidi kwa sekunde. Ili mapigo yaongezeke, volti nazo hazina budi kupanda, na umeme unaoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti hizo. Kwa sababu hiyo kasi ya juu huwa na gharama kubwa. Vipimo vya MSI vinalionyesha jambo hili vizuri: kadi ya Cyborg hufika MHz 1,470 kwa wati 45, na ya Katana hufika MHz 2,250 kwa wati 105. Umeme umeongezeka mara mbili na theluthi, ilhali mapigo yameongezeka kwa asilimia 53 hivi.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, asilimia 53 si kitu kidogo. Gemu inayokwenda kwa fremu 40 kwa sekunde kwenye mashine moja inaweza kukaribia 60 kwenye nyingine, iwapo kinachoichelewesha ni kadi ya michoro peke yake. La pili, wati zikishakuwa nyingi, kila nyongeza huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Kutoka 45 kwenda 105 ni safari yenye manufaa. Kutoka 115 kwenda 140 mchezaji atahisi kidogo sana, na pesa hiyo afadhali aielekeze kwenye skrini nzuri au kumbukumbu zaidi.

Hata cheo cha kadi kinaweza kupinduliwa na wati. RTX 4050 ina viini 2,560 tu, lakini ikiruhusiwa wati za juu hufika MHz 2,370. Zidisha viini kwa mapigo, kisha fanya hivyo kwa RTX 4060 iliyobanwa kwenye MHz 1,470: kadi inayoitwa ndogo inatoka mbele kwa theluthi moja. Inabaki na upungufu wake, kwa kuwa kumbukumbu yake ni GB 6, na gemu mpya zenye picha nzito zitaujaza mgao huo mapema. Hata hivyo, mtu anayetaka kulipa zaidi kwa sababu ya tarakimu 4060 anastahili kuijua hesabu hii kabla ya kutoa pesa.

Zamani jina la kadi lilimsaidia mnunuzi. Kadi za mpakato zilibeba herufi M, mpaka toleo la GTX 10 lilipoiondoa mwaka 2016. Mwaka 2017 ikaja alama ya Max-Q, iliyoonyesha kwamba kadi imepewa wati chache. Januari 2021, familia ya RTX 30 ya mpakato ilipotangazwa, alama hiyo nayo ikaacha kutenganisha kadi na kadi. Mapema mwaka huohuo, baada ya malalamiko, NVIDIA ikawataka watengenezaji waandike wati na kasi kwenye kurasa za bidhaa zao. Tangu hapo tarakimu ipo, lakini ipo kwa anayejua kuitafuta.

Sasa tuiiteje kwa Kiswahili? Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa “nguvu jumla ya michoro”, na tafsiri hiyo ingempotosha mteja. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, mashine yenye nguvu ni mashine inayoweza kazi. Muuzaji akitamka “ina nguvu ya michoro”, mteja atasikia sifa, hatasikia kipimo cha umeme. Wengine wamependelea “matumizi ya umeme ya kadi”. Hili lina afadhali, ila matumizi ni kile kinacholiwa kweli, na kadi yenye ruhusa ya wati 105 hula wati chache tu mwenye nayo anapoandika barua. TGP haitaji kadi inakula kiasi gani. Inataja kiasi ambacho haitavuka.

Kwa maana hiyo Kiswahili kina neno lililokwisha kukomaa. Katika shughuli za serikali, wizara hupewa ukomo wa bajeti: inaweza kutumia pungufu, lakini haiwezi kupanga zaidi ya hapo, hata ikiwa na wataalamu wa kutosha wa kufanya makubwa. Wizara mbili zenye watumishi sawa zitafanya kazi tofauti endapo ukomo wao ni tofauti. Kadi mbili za RTX 4060 ziko katika hali hiyohiyo. Kwa hiyo istilahi ninayoipendekeza ni ukomo wa wati, na kwa ukamilifu wake, ukomo wa wati wa kadi ya michoro. Wati ni neno ambalo kila mnunuzi wa balbu analijua. Kadi nimeiacha, ingawa kwenye mpakato chipu imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, kwa kuwa watumiaji wameshaizoea na haimdanganyi mtu. Kikaratasi cha dukani kitasomeka hivi: RTX 4060, GB 8, ukomo wa wati 105.

Istilahi hii inahitaji mwenzake. Kadi nyingi za mpakato zinaweza kupokea hadi wati 25 za ziada pale kichakataji kikuu kinapokuwa na kazi ndogo. NVIDIA huita utaratibu huo Dynamic Boost. Hizo tuziite wati za kuazima, maana zinatoka kwa kichakataji na hurudi kwake kinapozihitaji. Ndivyo RTX 4060 yenye ukomo wa 115 inavyotangazwa kuwa ya 140. Ukiona tarakimu mbili tofauti za kompyuta moja, angalia kwanza kama mojawapo imejumuisha wati za kuazima, kisha linganisha za aina moja.

Na kama muuzaji hajui ukomo? Geuza chaja usome lebo yake. Tafuta volti na ampea za umeme unaotoka, uzizidishe. Volti 20 kwa ampea 6 ni wati 120. Chaja hiyo inalisha kichakataji, skrini, feni na diski pamoja na kadi. Haiwezi kuilisha kadi ya wati 105 kwa raha huku kichakataji nacho kikidai 45. Volti 20 kwa ampea 11.5 ni wati 230, na hapo kadi ina nafasi ya kupumua. Chaja kubwa haithibitishi kwamba ukomo ni mkubwa, lakini chaja ndogo ni ushahidi mzuri kwamba ni mdogo.

Kompyuta ikiwa imewashwa, kuna njia ya uhakika zaidi. Chomeka chaja, weka hali ya utendaji wa juu (kwenye Legion za Lenovo bonyeza Fn na Q mpaka taa ya kitufe cha kuwashia iwe nyekundu), fungua dirisha la amri na uandike nvidia-smi. Katika jedwali litakalotokea, kwenye kompyuta nyingi utaona wati mbili zimetenganishwa na mkwaju: ya kushoto ni zinazoliwa sasa, ya kulia ni ukomo uliopo kwa hali hiyo. Usipime ukiwa kwenye betri. Betri ya wati-saa 53.5 ingemalizwa na kadi ya wati 105 kwa nusu saa hivi, hata kabla ya kuhesabu skrini na kichakataji, ndiyo maana kompyuta hushusha ukomo mara tu chaja inapochomolewa.

Ukomo mkubwa nao unahitaji upepo. Kila wati inayoliwa hugeuka joto, na feni hupoza kwa kutumia hewa ya chumba. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 31 kinaipa mashine nafasi ndogo ya kupoa kuliko chumba cha nyuzi 22, na vumbi likiziba matundu, chipu itapunguza mapigo yenyewe ili isiungue. Anayelipia wati nyingi apange pia kusafisha feni na kuinua kompyuta kutoka kwenye kitambaa cha meza.

Basi uchaguzi kati ya hizi mbili uko wazi. Mwanafunzi anayebeba mashine kutwa, anayecheza kandanda jioni na kuhariri video mara mojamoja, atafurahia Cyborg yenye kilo 1.98, na wati 45 zitamtosha iwapo bei inalingana na wati hizo. Anayecheza gemu nzito mezani kila siku achukue Katana ya kilo 2.25. Kosa ni kulipa bei ya wati 105 na kwenda nyumbani na 45. Wauzaji wanaweza kulizuia kosa hilo kwa kuongeza maneno matatu na tarakimu moja kwenye kikaratasi; na hadi watakapofanya hivyo, mteja aulize waziwazi kabla ya kufungua pochi: kadi hii ina ukomo wa wati ngapi?