Mwaka wa Kwanza Wodini

Mnamo Julai 1860, wanawake 15 waliingia hospitali ya St Thomas', London, kujifunza uuguzi. Kila mmoja aliahidiwa pauni 10 kwa mwaka, pamoja na chakula, malazi na sare. Fedha hizo zilitoka kwenye mfuko wa pauni zipatazo 45,000, uliochangwa kumuenzi Florence Nightingale kwa kazi yake katika vita vya Crimea. Kila mwezi matroni, Bi Sarah Wardroper, alimjazia kila mwanafunzi karatasi yake. Kulikuwa na sehemu ya tabia: anawahi kazini? Ni mtulivu? Anaaminika? Nyingine ilihusu kazi za mikono: kufunga vidonda, kuweka ruba, kumpa mgonjwa enema, kumgeuza asiyejiweza ili mgongo usichubuke. Muuguzi wa leo aliyewahi kumkimbiza prisepta, yaani mzoefu anayemsimamia, wodi nzima ili amtilie saini kitabu chake cha ujuzi ataitambua karatasi hiyo mara moja, ukiacha ruba.

Mwaka wa masomo ulipokwisha, mhitimu hakuwa huru kwenda atakako. Makubaliano yalimbana kutumikia hospitali aliyopangiwa kwa miaka kadhaa. Alikojifunzia ndiko alikofanyia kazi, au mahali palipofanana napo sana, na waliomfundisha ndio waliompa amri. Hapakuwa na cha kumshangaza. Kabla hajaitwa muuguzi alikwisha kesha na mahututi, akaosha maiti, akajua ni daktari yupi hataki kuamshwa usiku.

Tusizitamani zama hizo haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Nightingale alipochunguza shule yenye jina lake alikuta mihadhara imepuuzwa na wanafunzi wamegeuzwa vibarua wa wodi. Kwa wakunga mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mfuko uleule ulifungua mafunzo ya ukunga katika hospitali ya King's College mwaka 1861, ili wanawake wa vijijini wajifunze na kurudi makwao. Mwaka 1867 wodi hiyo ilifungwa kwa sababu ya homa ya uzazi iliyokuwa ikiua wazazi.

Marekani iliuchukua mfumo wa Nightingale mwaka 1873 na kuufanya biashara. Hospitali iliyotaka wauguzi wa bei rahisi ilifungua shule. Wanafunzi ndio walioshika zamu, mchana na usiku, na walipohitimu hospitali haikuwa na haja nao tena, kwani kundi jipya lilikuwa limeshafika mlangoni. Wahitimu wengi walikwenda kuuguza matajiri majumbani. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 na familia zikashindwa kuwalipa, walirudi hospitalini kuomba kazi, wengine kwa ujira wa chakula na kitanda. Kwa miongo zaidi ya mitano nchi hiyo ilikuwa imewaachia wanaojifunza wagonjwa wake mahututi, na waliokwisha kujifunza ikawapa wenye uwezo wa kulipa.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita kwa kasi. Mwaka 1943 serikali ya Marekani iliunda kikosi cha wauguzi makadeti, ikawalipia masomo na kuyafupisha. Miezi sita ya mwisho kadeti aliitumia hospitalini, akifanya kazi karibu zote za muuguzi kamili huku akiwa bado chini ya usimamizi. Zaidi ya 120,000 walihitimu. Lengo lilikuwa kuziba pengo la vita, lakini bila mtu kukusudia, kukawa na kipindi cha katikati: si mwanafunzi tena, na bado hajaachwa peke yake.

Vita vilipokwisha, kipindi hicho nacho kikasahauliwa. Ajabu ni kwamba wakati huohuo shule zilikuwa zinahama. Mwaka 1965 chama cha wauguzi wa Marekani kilitamka kwamba uuguzi ufundishwe vyuoni, si kwenye shule za hospitali. Australia ilifuata kuanzia miaka ya 1980. Uingereza nayo, kwa mageuzi yaliyoitwa Project 2000, ilianza mwaka 1989 kuwatoa wanafunzi kwenye hesabu ya zamu: mwanafunzi angekuwepo wodini, lakini asihesabiwe kuwa mmoja wa wafanyakazi. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, nami siwezi kumlaumu aliyeipigania. Ila ilikuwa na gharama yake. Zamani mtu aliingia wodini kidogokidogo kwa miaka mitatu. Sasa alikabidhiwa wodi siku ya Jumatatu, akiwa na vyeti vizuri na mikono inayotetemeka.

Aliyekuwa ameipa hali hiyo jina mapema ni Marlene Kramer, muuguzi na profesa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1974, Reality Shock. Aliwafuatilia wahitimu na kuona njia yao inafanana. Kwanza kuna fungate: kila kitu ni kizuri, dada wa wodi ni mama wa pili. Kisha unakuja mshtuko, mhitimu anapogundua kuwa aliyofundishwa darasani yanahitaji muda na vifaa ambavyo wodi haina, na kwamba anayesifiwa ni yule anayemaliza kazi mapema. Baadaye wengine hupata nafuu na kujifunza kuishi kati ya dunia hizo mbili. Wengine huacha kazi, au hubaki wakiwa wameshakata tamaa, na nadhani hao wa mwisho ndio hatari zaidi kwa mgonjwa.

Miaka kumi baadaye, Patricia Benner aliazima nadharia ya ndugu wawili wa ukoo wa Dreyfus, waliokuwa wamechunguza jinsi marubani na wachezaji wa sataranji wanavyopevuka, akaipeleka wodini. Alichora ngazi tano, kutoka mwanagenzi hadi bingwa. Mhitimu mpya alimweka kwenye ngazi ya pili tu, na akasema umahiri wa ngazi ya tatu huhitaji miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina ileile. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa msimamizi kumwambia muuguzi wa wiki ya tatu, “Si umesoma wewe?”

Programu za kumlea mhitimu mpya zikafuata. Hospitali ya watoto ya Los Angeles ilianzisha yake mwaka 1999. Mwaka 2002 hospitali za vyuo vikuu, zikishirikiana na chama cha vyuo vya uuguzi, zilianza residensi ya mwaka mzima. Uingereza ilikuwa imependekeza miezi minne hivi ya kulelewa na muuguzi mzoefu, na Scotland ikaanzisha programu ya nchi nzima mwaka 2006, wakunga wakiwemo. Afrika Kusini, tangu 2008, muuguzi mpya anatakiwa kutumikia umma kwa mwaka mmoja, jambo linalohusu mgawanyo wa watumishi kuliko malezi.

Kwa wakunga, New Zealand ndiyo inayonivutia. Sheria ya mwaka 1990 iliwaruhusu kufanya kazi bila kusimamiwa na daktari, kwa hiyo mhitimu anaweza kuanza kuhudumia wajawazito wake mwenyewe, tangu kliniki hadi kujifungua, hata nyumbani kwa mama. Hakuna wodi ya kumficha. Tangu 2007 kuna mpango wa kumpa mhitimu mkunga mzoefu anayemchagua mwenyewe na kumpigia simu kwa mwaka wa kwanza, naye mlezi huyo analipwa kwa fedha za serikali. Hilo la kulipwa ni muhimu. Kwingine prisepta huongezewa mwanafunzi juu ya wagonjwa wake walewale, kisha tunashangaa anapomkwepa.

Na kwetu? Muhimbili ilianza shahada ya uuguzi mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Nairobi miaka minne baadaye. Mwenye shahada, Tanzania kama Kenya, hupita mwaka mmoja hospitalini. Tanzania inamwita mtarajali, neno zuri lililobeba kutaraji ndani yake. Anazunguka: wodi ya wazazi, ya watoto, ya upasuaji, chumba cha mahututi. Anaandika kila anachofanya, na mzoefu anatia saini.

Lakini ingia wodini usiku, saa ya kukabidhiana zamu, utazame ratiba iliyobandikwa ukutani karibu na meza ya wauguzi. Kwenye ratiba nyingine jina la mtarajali limeandikwa pembeni, baada ya majina ya waliopangwa. Nyingine limo katikati yao, na ukilifuta, zamu ya usiku inabaki na mtu mmoja.