Majina Juu ya Milango: Vibao vya Brussels na Kumbukumbu ya Afrika

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa Brussels hawakuutegemea usemi huo. Kabla ya nyumba za mji kupewa namba, kila mlango ulijulikana kwa ishara yake: mnyama, chombo, au mfalme. Mizinga ya Louis wa Kumi na Nne ilipoiteketeza Grand-Place mwezi Agosti 1695, vyama vya mafundi na wachuuzi vilizijenga upya nyumba zao katika muda wa miaka michache, na majina yakarudi pamoja na kuta. Le Renard, yaani Mbweha, ilikuwa nyumba ya wauza vitambaa na vikorokoro. Le Cygne, yaani Bata Maji, ndiyo iliyokuja kuwa mahali pa mikutano ya wafanyakazi wa Kijerumani wakati Karl Marx alipoishi mjini humo, kati ya 1845 na 1848. Wenye nyumba walipita, majina yakabaki.

Anayeinua macho uwanjani hapo huiona Afrika pia. Miongoni mwa sanamu za Mbweha yumo mtu anayewakilisha bara hilo, sambamba na Ulaya, Asia na Amerika, kwani bidhaa za wachuuzi hao zilitoka pande zote za dunia. Kwenye nyumba ya waoka mikate, Le Roy d'Espagne, sanamu ya Mfalme Carlos wa Pili wa Hispania imewekwa kati ya mateka wawili, mmoja wao Mwafrika. Basi Mwafrika alikuwa juu ya mlango wa duka la Brussels muda mrefu kabla hajawa na duka lake mwenyewe. Alikuwa pambo.

Hali hiyo haikubadilika biashara za kisasa zilipoingia. Mwaka 1870 Charles Neuhaus alianza kutengeneza chokoleti, na mwaka 1883 jina Côte d'Or likasajiliwa. Maana yake ni Pwani ya Dhahabu, koloni la Waingereza katika Afrika ya Magharibi. Baadaye akaongezwa tembo, mnazi na piramidi: Afrika nzima, kutoka Misri hadi Ghuba ya Guinea, ikakusanywa katika karatasi moja ya kufungia chokoleti. Kwa miaka mingi kiwanda kilikuwa karibu na stesheni ya Midi. Tarehe 6 Machi 1957 Pwani ya Dhahabu ilipata uhuru na kuitwa Ghana. Ramani zikabadilishwa, chokoleti haikubadilishwa. Koloni lililofutwa lingali linauzwa madukani kwa jina lake la zamani.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, iko biashara nyingine inayomhusu kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1880 pembe za tembo za Manyema zilibebwa na wapagazi kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa kwenda Unguja. Mwaka 1887 Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Mapatano hayo hayakudumu. Vita vya 1892 hadi 1894 viliwavunja nguvu Waarabu na Waswahili wa Kongo ya mashariki, na pembe zikageuzwa njia: badala ya kwenda Bahari ya Hindi, ziliteremshwa kwa Mto Kongo na kuishia Antwerp. Serikali ya Leopold iliwahimiza wasanii wa Ubelgiji wazitumie, na katika maonyesho ya Tervuren ya 1897 kazi zao zilionekana kwa wingi. Mmoja wa wasanii hao alikuwa sonara Philippe Wolfers.

Mwaka 1912 nyumba ya Wolfers Frères ilifungua duka jipya katika mtaa wa Arenberg, lililobuniwa na Victor Horta. Leo makabati na meza za duka hilo zimepangwa tena ndani ya jumba la makumbusho la Cinquantenaire. Duka limekuwa hazina ya taifa. Vivyo hivyo kwa Old England, duka kubwa la chuma na vioo la mwaka 1899: biashara imekufa, jengo ni makumbusho ya ala za muziki, na jina lingali juu ya ukuta. Mji huu unajua kutunza vibao vyake unapotaka.

Swali ni je, unataka vipi? Mwanzoni mwa 1960 wajumbe wa Kongo walikuja Brussels kwa Mkutano wa Meza ya Duara, na Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz wakapiga muziki katika hoteli ya Plaza. Mwaka uliofuata Maison Africaine ilianzishwa huko Ixelles kuwapokea wanafunzi. Penye wanafunzi pakaja wauzaji. Karibu na Porte de Namur, ndani na kando ya Galerie d'Ixelles, yakatokea maduka ya vitenge, saluni za kusuka, na magenge ya mihogo, samaki wakavu na sombe, ambayo mtu wa pwani huiita kisamvu. Mahali hapo pakaitwa Matonge, kwa jina la mtaa wa Kinshasa unaosifika kwa muziki na baa. Kifaransa na Kilingala ndivyo vinavyotawala, lakini Kiswahili cha Goma, Bukavu na Lubumbashi nacho husikika.

Jina Matonge halikutolewa na baraza lolote. Lilibebwa na watu vinywani na kwenye vibao vya maduka yao. Vibao hivyo si vya shaba wala mawe. Vingi ni vya plastiki na karatasi za kubandika, na mpangaji akiondoka, kibao huondoka naye. Mtaa umebanwa kati ya maduka ya kifahari ya Avenue Louise na ofisi za Umoja wa Ulaya, na kodi ya pango haingoji historia.

Tarehe 30 Juni 2018, baada ya madai ya miaka mingi, kibao cha Square Patrice Lumumba kiliwekwa kwenye mlango wa Matonge. Uwanja wenyewe umo katika ardhi ya manispaa ya Brussels, si ya Ixelles. Ni kibao kidogo cha barabara, lakini kimefanya jambo ambalo sanamu za Grand-Place hazikulifanya: kimemtaja Mwafrika kwa jina lake. Lumumba sasa ana ulinzi wa serikali. Msusi, mshonaji na muuza sombe walio hatua chache kutoka hapo, ambao kazi yao ndiyo iliyoufanya mtaa uitwe Matonge, wanautegemea mkataba wa pango.