Nani Ana Mpira? Jinsi Soka Lilivyoingia Katika Mapambano Dhidi ya VVU

  

Leo naanza na swali ambalo si langu. Baada ya kipindi kimoja cha afya, kijana mmoja alinisubiri nje. Ni mchezaji, mimi namjua kwa chenga zake kuliko kwa jina. Akaniambia: "Kaka, kila siku mnatuambia tukapime. Lakini njia ya kwenda kupima inapita mbele ya bomba la maji. Akina mama wamepanga foleni ya madumu pale tangu alfajiri. Nikipita tu, jioni kambi nzima imeshanipa ugonjwa."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na nililikuta kwenye historia ya mpira wa miguu. Ndiyo historia nitakayowasimulia leo.

Tuanze na ukimya. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliandika kwa mara ya kwanza kuhusu vijana waliokuwa wakiugua magonjwa ambayo mwili wenye kinga huyashinda. Mwaka 1983 wanasayansi wa Ufaransa wakakiona kirusi chenyewe. Mwaka huohuo, hapa jirani, wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Kipimo cha damu kilipatikana mwaka 1985.

Lakini watu hawakutaka kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Kagera waliuita Juliana, jina la nguo za biashara zilizokuwa zikipita mpakani wakati ule. Uganda waliuita Slim, kwa sababu mgonjwa alikonda. Kwenye misiba ilisemwa ni malaria, ni kifua kikuu, amerogwa. Kila neno lilitumika isipokuwa lile lenyewe. Na ugonjwa usiotajwa hauna anayejilinda nao.

Wachache walithubutu kuuvunja ukimya huo. Mwaka 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliutangazia ulimwengu kwamba mwanawe alikufa kwa UKIMWI. Mzee Kaunda alipenda soka kiasi kwamba timu ya taifa ya Zambia iliitwa KK Eleven kwa heshima yake. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alisema hadharani kwamba anao, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na watu. Mwaka 1991 mcheza kikapu mashuhuri wa Marekani, Magic Johnson, alitangaza kwamba amepimwa na kukutwa na VVU. Vijana waliokuwa hawamsikilizi daktari, siku hiyo walisikiliza. Hapo ndipo wengi walipoanza kuona kwamba mchezaji akisema, neno linafika mahali ambapo bango la hospitali halifiki.

Sasa twende Nairobi, katika mtaa wa Mathare. Mwaka 1987 kulianzishwa huko chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Mathare ilikuwa na watoto wengi, takataka nyingi, na mipira ya makaratasi na kamba. MYSA ikaweka sheria moja ambayo haikuwa ya kawaida: timu ikisafisha mtaa, inapata pointi kwenye msimamo wa ligi, kama timu iliyoshinda mechi. Ukitaka ubingwa, shika na fagio.

Mwaka 1994 chama hicho kilianza kufundisha kuhusu UKIMWI. Hakikuleta wageni wenye koti jeupe. Kilichukua wachezaji wenyewe, kikawapa mafunzo, kikawaambia wakawafundishe wenzao. Wasichana nao walikuwa wameshaanza ligi yao, jambo ambalo wazazi wengi hawakulikubali mara moja. Na hapa, ndugu zangu wakimbizi, sikilizeni vizuri: mwaka 1999 MYSA ilisaidia kuanzisha mpango wa michezo ya vijana katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo habari hii si ya watu wa mbali. Wenzetu waliokimbia kama sisi wamekuwemo ndani yake tangu zamani.

Kutoka Kenya tushuke kusini hadi Bulawayo, Zimbabwe. Timu kubwa ya mji huo ni Highlanders, ambayo mashabiki huiita Bosso. Katika miaka ya 1980 timu hiyo ilikuwa na kocha kutoka Uskoti, Bobby Clark, aliyekwenda huko na familia yake. Mwanawe, Tommy, alipokuwa kijana mkubwa alirudi Bulawayo kufundisha shule na kuichezea Highlanders. Alikuta wachezaji wanaugua na kuzikwa, wala hakuna anayetaja sababu. Katika Zimbabwe ya miaka ile, zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa akiishi na VVU. Jaza uwanja wa Barbourfields, kisha uhesabu mwenyewe.

Tommy Clark akasoma udaktari wa watoto. Mwaka 2002 yeye na rafiki zake wachezaji walianzisha shirika la Grassroot Soccer. Mmoja wao alikuwa Methembe Ndlovu, mwana wa Zimbabwe aliyeichezea timu yake ya taifa. Wengine walikuwa Kirk Friedrich na Ethan Zohn. Huyu Zohn alikuwa ameshinda dola milioni 1 katika shindano la televisheni la Marekani liitwalo Survivor, ambalo mwaka 2001 lilirekodiwa Kenya. Sehemu ya fedha hizo aliitumia kuanzishia kazi hii.

Walifanya nini? Waliwafundisha wachezaji wa ligi ya Bulawayo, wale ambao watoto waliwaimba majina, kisha wakawapeleka mashuleni. Fikiria wewe ni mwanafunzi, na mshambuliaji wa Bosso anaingia darasani kwenu. Hakuja na hotuba. Amekuja na mpira, na koni za mazoezi ziko mkononi.

Mchezo mmoja unaitwa Tafuta Mpira. Vijana wanajipanga mistari miwili, wakitazamana. Wote mikono nyuma. Mstari mmoja unapewa mpira mdogo, unapita kutoka mkono hadi mkono nyuma ya migongo. Kocha akisema simama, mstari wa pili unatazama nyuso na kukisia: nani anao? Wanamwonyesha yule anayecheka. Sio yeye. Wanamwonyesha yule mwembamba aliyenyamaza. Sio yeye. Mwishowe mpira unatoka kwa yule mwenye mabega mapana ambaye hakuna aliyemdhania. Ndipo kocha anauliza: "Mlimjuaje mwenye mpira?" Wanajibu: "Hatukujua." Kocha anasema: "Na VVU ni hivyohivyo. Kwa macho hutamjua. Utajua kwa kupima tu."

Mchezo wa pili ni wa koni. Kila koni ina jina la hatari: wapenzi wengi kwa wakati mmoja, ngono bila kondomu, pombe, mtu mzima anayempa msichana zawadi ili alale naye. Unapita na mpira mguuni. Ukigusa koni mara ya kwanza, unapiga pushapu peke yako. Duru ya pili, ukigusa wewe, timu yako yote inapiga. Duru ya tatu, uwanja mzima unalala chini. Wanacheka, wanalalamika, lakini wameelewa: mmoja akiumia, mama yake anaumia, watoto wake wanaumia, na jirani pia.

Michezo hiyo ilivuka mipaka, ikafika Zambia, Afrika Kusini na nchi nyingine. Tangu mwaka 2001 ulikuwapo pia mtandao ulioitwa Kicking AIDS Out, ulioziunganisha jumuiya za michezo zenye lengo hilohilo, MYSA ikiwa mojawapo.

Halafu likaja jambo linalogusa swali la yule kijana wetu: kupima pembeni mwa uwanja. Yanaandaliwa mashindano ya siku moja. Mechi zinaendelea, muziki unapigwa, na kando ya uwanja yanasimama mahema ya washauri nasaha. Timu ikimaliza mechi, wachezaji wanapumzika, na anayetaka anaingia hemani mmoja mmoja. Tone la damu kutoka kidoleni, dakika chache za kusubiri, majibu anapewa yeye peke yake. Halafu anatoka, anarudi kwa wenzake, na mechi inayofuata inaanza.

Mnaona kilichobadilika? Kipimo ni kilekile. Hema ni lilelile. Lakini wakiingia watu 60, anayetazama kutoka kwenye foleni ya maji hajui nani kaingia kwa hofu, nani kaingia kwa zamu tu. Ni kama ule mchezo wa mpira mdogo: wote wameweka mikono nyuma, kwa hiyo hakuna anayeshukiwa peke yake. Njia inayopitwa na mtu mmoja humsema vibaya. Njia inayopitwa na wote haina la kusema.

Lakini nisiwadanganye, mpira hauna miujiza. Kujua si kutenda. Wapo waliojibu maswali yote uwanjani na bado usiku wakasahau. Mpira pia haugawi kondomu wala dawa. Bila kituo cha afya kilicho wazi na mhudumu anayetunza siri, mashindano ni kelele tu. Na soka likiwa la wavulana peke yao, linawaacha nje wale walio hatarini zaidi, maana katika nchi nyingi za ukanda wetu wasichana huambukizwa wakiwa wadogo kuliko wavulana. Ndiyo maana mipango ya baadaye iliweka timu na makocha wa kike, mahali ambapo msichana anaweza kuuliza bila kuchekwa.

Na jambo moja kubwa: kupima ni hiari. Nahodha hana haki ya kumlazimisha mchezaji. Kocha hana haki ya kuuliza majibu. Timu isigawiwe jezi kwa sharti kwamba wote waonyeshe karatasi. Ukifanya hivyo umewasha tena moto uleule wa aibu uliokuwa unauzima.

Kuna sababu nyingine ya kupima leo kuliko wakati wa Lutaaya. Yeye hakuwa na dawa ya kumwokoa. Tangu mwaka 1996 ilijulikana kwamba dawa kadhaa zikitumiwa pamoja hukizuia kirusi. Leo mtu anayemeza dawa zake vizuri anaishi, anafanya kazi, anazaa mtoto asiye na VVU, na anacheza mpira. Kirusi kikishuka hadi kisionekane kwenye kipimo na kikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa hiyo karatasi yenye majibu si hukumu tena. Majibu mazuri yanakuambia ujilinde. Majibu mengine yanakuambia uanze dawa.

Kwetu tuliokimbia yapo mambo matatu ya kukumbuka. Kama ulikuwa kwenye dawa na zikakatika njiani, mwambie mhudumu mapema, hutagombezwa kwa kukimbia vita. Kama umebakwa, au umekutana na hatari nyingine ya maambukizi, fika kituo cha afya ndani ya saa 72, kuna dawa ya kuzuia, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Na kama hatari ilitokea juzi tu, kipimo cha leo huenda kisione kitu. Rudi upimwe tena baada ya miezi 3.

Sasa namjibu yule kijana, na najua ananisikia. Ndugu yangu, hukukosea kuogopa. Hofu yako ina umri kuliko wewe; ni ileile iliyowafanya watu waseme Juliana. Lakini historia inatuonyesha kwamba haikushindwa na mtu mmoja shujaa anayepita peke yake mbele ya madumu. Ilishindwa na watu waliokubaliana kupita pamoja. Ongea na nahodha wako. Nahodha aongee na kocha. Kocha aende kwa wahudumu wa afya na viongozi wa vijana, waombe hema liletwe uwanjani siku ya mechi. Na mimi nitakuja na kipaza sauti changu kutangaza mpira tu. Nani kaingia hemani, hilo sitalitangaza.

 

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika mtaa wenu wa kambi, ni kitu gani kinawazuia vijana kwenda kupima: umbali, aibu, au kutojua?

2. Wasichana wa kambi yenu wana uwanja na muda wa kucheza? Kama hawana, nani anaweza kuwasaidia?

3. Chezeni mchezo wa Tafuta Mpira kwa kutumia jiwe dogo au kizibo cha chupa. Mlimdhania nani, na kwa nini yeye?