Nzi Asiye na Kazi Qurum

Qurum ya Maskati, Oman, imepewa jina la mkoko, mti unaojitafutia riziki penye chumvi. Lantana inayopandwa kuzipamba bustani za mji huo ni kinyume chake: hunyweshwa kwa mpira wa maji, maana mvua ya Maskati ni kama milimita 100 tu kwa mwaka. Ua hilohilo, ukilikuta Uganda au Afrika Kusini, ni gugu linaloziba malisho na kusumisha ng'ombe. Kwa hiyo mdudu wa kuliangamiza hapaswi kupimwa kwa ubaya wa gugu peke yake. Apimwe pia kwa hali ya hewa ya mahali, na historia ya wadudu wa aina hiyo ndiyo ushahidi. Mwaka 1902 Albert Koebele, akiifanyia kazi Hawaii, alikwenda Mexico kutafuta wadudu wanaoila lantana. Alipeleka aina 23, zikashika 8. Mmojawapo alikuwa nzi, Ophiomyia lantanae, ambaye buu wake hula tunda. Mwaka 2001 Afrika Kusini ilimwachilia nduguye, Ophiomyia camarae, aliyechukuliwa Florida. Huyu ni mchimba majani. Jike hutaga upande wa chini wa jani. Buu huchimba kuufuata mshipa mdogo hadi ule mkubwa wa kati, kisha hutawanya njia zake kushoto na kulia, jani likabaki kama limechorwa mifupa ya samaki. Alistawi hasa pwani ya KwaZulu-Natal, penye joto na unyevu. Qurum nayo iko pwani na ina joto, tena la kupitiliza, ila mvua haina. Pwani peke yake haitoshi.

Itasemwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, basi nzi huyu mchimba majani aletwe Qurum kabla lantana haijatoroka bustanini. Hoja hiyo ina uzito, ila mdudu si dawa inayopulizwa ikaisha. Uganda, miaka ya 1960, mdudu mwingine aliyeletwa kwa ajili ya lantana, Teleonemia scrupulosa, alikutwa akifyonza simsim mashambani. Nzi wetu ni mchaguzi zaidi, nakubali. Lakini akishaachiliwa haitwi akarudi. Salala, kusini mwa Oman, ambako msimu wa kharifu huleta manyunyu kuanzia Juni hadi Septemba, suala hili lingestahili kuchunguzwa upya. Qurum, anayeiogopa lantana na afunge koki.